Kuacha uji hakulipi deni: dhana potofu kuhusu kubana matumizi nyumbani

Siku tuliyokaa na mume wangu kuandika madeni yote tulitumia daftari la hesabu la mtoto, kurasa za nyuma, na tulipojumlisha ikaja 1,960,000. Wifi yangu 700,000, vikoba 600,000, ada ya shule 250,000, mkopo wa marejesho ya kila wiki, ule watu wanauita kausha damu, 210,000 pamoja na faini, mikopo ya kwenye simu 115,000, na dukani kwa Mangi 85,000. Sisi ni watu wa Mbagala, mimi nashona, yeye fundi bomba, hatuna mshahara wa mwisho wa mwezi. Huu ni mwezi wa 14 tunalipa na salio lililobaki ni dogo. Ila katika kipindi hicho nimeshauriwa mambo mengi na watu wanaonipenda kabisa na mengi yalikuwa siyo, mengine niliyaamini mwenyewe nikaumia nayo, ndo maana naandika.

"Anza kukata chakula."

Hili ndo la kwanza kila mtu anakwambia na mimi ndo nililoanza nalo. Nikafuta uji wa asubuhi. Uji wa nyumba nzima, unga na sukari na mkaa, ulikuwa haufiki 1,500. Sasa angalia kilichotokea wiki ile, watoto watatu wakaanza kudai jero jero ya kununua mihogo shuleni, hiyo 1,500 tayari, mimi nikifika kwenye cherehani saa nne tumbo linauma naagiza chapati mbili na chai ya rangi, buku, mume naye anakula huko huko saiti. Yaani nimeokoa 1,500 nikatumia 3,000 na zaidi, na mdogo akawa analala darasani mpaka mwalimu akaniita. Wiki ya pili nikarudisha uji na nikaongeza karanga.

Ukweli ni kwamba chakula cha nyumbani mara nyingi ndo hela inayofanya kazi vizuri kuliko zote ndani ya nyumba. Kinachokula hela ni njaa ya njiani, chipsi za saa kumi, soda ya mgeni, maandazi ya "ngoja nishike tumbo". Kwahiyo kama unataka kugusa upande wa msosi, pika zaidi, usipike pungufu. Mimi nachemsha maharage ya siku tatu Jumapili kwenye mkaa, nagawa kwenye vyombo, siku nyingine naunga tu kwenye gesi.

"Kununua kidogo kidogo ndo kubana."

Hapana jamani, hapa ndo tunapoibiwa sisi wa kipato cha siku. Mafuta ya kula nilikuwa nanunua ya kupimiwa, robo lita 1,500. Sijawahi kukaa nikafikiria kwamba hiyo ni 6,000 kwa lita. Kidumu cha lita tano Rangi Tatu nilikipata kwa 24,000, wakati lita tano hizo hizo kwa vipimo vya robo ni 30,000. Mkaa vivyo hivyo, kopo la 2,000 kila siku ni 60,000 kwa mwezi, tulipohamia mtungi mdogo wa gesi tukabakiza mkaa wa maharage tu tukawa tunatumia kama 45,000. Hakuna mtu aliyelala njaa kwa hiyo 15,000 iliyobaki.

Najua swali linalokuja, hiyo 24,000 ya mara moja anaitoa wapi mtu anayeingiza 8,000 kwa siku? Ni swali la haki. Sisi tulianza na kitu kimoja tu, mafuta, na nilichangiana na jirani yangu, yeye 12,000 mimi 12,000, tukagawana kwa chupa pale pale uani. Mwezi uliofuata ile tofauti tukaiongezea tukanunua sukari. Ukitaka kununua kila kitu kwa jumla siku moja hutaweza, utakata tamaa tu.

Kwenye umeme ni tofauti kidogo. Watu wanasema ukinunua LUKU ya 2,000 kila siku inadumu kuliko kununua ya 20,000. Bei ya uniti haibadiliki kwa ukubwa wa manunuzi, inabadilika kwa kundi ulilopo na uniti ulizonunua mwezi huo. Sisi tuko kundi la matumizi madogo, uniti 75 za kwanza za mwezi tulikuwa tunalipa 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ukivuka hapo inayofuata ni 350. Kwahiyo kazi sio kununua kidogo, kazi ni kutovuka 75, na sisi kilichotuvusha ilikuwa pasi na hita ya maji. Na ile hela inayokatwa ukinunua mara ya kwanza mwezi ukianza ni kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida, LUKU haijakula kitu. Hiyo ni ya mwenye nyumba kisheria, mpangaji ongea naye mkubaliane mapema.

"Riba yao ni asilimia 20 tu."

Naomba hapa usome taratibu maana hapa ndo hela yetu nyingi ilipopotelea, na hakuna kiasi cha kubana sukari kitakachofidia hili.

Ule mkopo wa kausha damu nilichukua 300,000. Wakaniambia riba 20%, marejesho 90,000 kila Alhamisi kwa wiki nne. Jumla 360,000. Nikajisemea 60,000 sio mbaya. Lakini ile 300,000 sikukaa nayo mwezi mzima. Wiki ya kwanza nina 300,000 yao, nikirejesha mtaji unashuka 225,000, wiki ya tatu 150,000, wiki ya mwisho nina 75,000 tu. Ukichukua wastani, mwezi mzima nilikuwa nimeshika kama 187,500 ya watu, na kwa hiyo nimelipa 60,000. Hiyo ni 32% kwa mwezi. Na bado kuna ya fomu wanayokata kabla hujapewa, na faini ukichelewa.

Sasa linganisha. Benki Kuu ya Tanzania imeweka kikomo cha riba kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani hizi taasisi na kampuni zinazokopesha bila kupokea amana za watu, ni 3.5% kwa mwezi. Kwenye 300,000 hiyo ni 10,500. Mimi nililipa 60,000 na sikujua hata kama kuna kikomo, sikuuliza leseni, niliangalia tu kwamba wanatoa siku hiyo hiyo. Hata hizi programu za mikopo ya simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Kabla hujachukua angalia aliyepewa leseni, inachukua dakika tano na inaweza kuokoa hela ya unga wa miezi miwili.

Ukikopa popote uliza maneno haya: riba inahesabiwa kwenye mkopo wa mwanzo au kwenye salio linalopungua? Asiyetaka kukujibu ameshakujibu.

"Lipa kwanza deni kubwa" au "lipa kwanza la ndugu, ni aibu."

Deni kubwa kwetu lilikuwa la wifi, 700,000 ya matibabu ya mama mkwe, na moyo ulikuwa unaniuma kila nikimuona. Ila deni la wifi lilikuwa halizai. La Alhamisi lilikuwa linazaa kila siku. Mume akampigia dada yake, akamwambia ukweli wote, dada tuna madeni sita, lako hatujalisahau, tupe miezi mitatu tumalize yanayotuumiza halafu tutakuwa tunakutumia 50,000 kila mwezi. Alinyamaza kidogo halafu akasema nashukuru mmenipigia, nilikuwa naona mnanikwepa. Kumbe kilichokuwa kinamuumiza ni ukimya wetu.

Tukaanza na kausha damu, tukafuata ya simu, tukaja kwa Mangi. Hesabu ndo inavyotaka, yenye riba kali kwanza. Wapo wanaoanza na deni dogo kuliko yote ili wapate nguvu ya kuendelea, siwapingi, kama kinakusaidia usirudi nyuma fanya, bora tu deni dogo hilo lisikufanye uache lenye riba ya wiki likinenepa. Kwa vikoba sikukimbilia kumaliza maana riba ya pale tukivunja kikundi mwisho wa mwaka tunagawana wenyewe, nilichofanya ni kutokosa rejesho hata moja, na mgao ulipotoka ukakata salio.

"Kopa huku ulipe kule, utapumua."

Nilifanya hivyo mara mbili na programu za simu. Unapumua siku tatu. Kuhamisha deni kunasaidia kwa hali moja tu, deni jipya liwe na riba ndogo kabisa kuliko la zamani na hela isipite mkononi mwako iende moja kwa moja kulipa. Mtu mwenye SACCOS ya kazini anaweza. Programu ya simu kulipa programu nyingine, hapana.

"Bajeti ni ya wenye mishahara."

Niliamini hivi miaka mingi. Na kweli ile bajeti ya kuandika kodi, chakula, usafiri tarehe moja haitufai sisi, mimi leo naweza kushona sare tano nikapata 40,000 na kesho nisipate hata mia. Ila kipato cha siku kina bajeti ya siku. Tulikubaliana ikifika saa mbili usiku kila mtu anaweka alichopata mezani, tunatoa kwanza ya deni, siku nzuri 10,000, siku ya kawaida 5,000, siku mbaya 1,000, siku ya sifuri tunaandika sifuri. Tunaandika! Hiyo sifuri iliyoandikwa ilitusaidia kuliko unavyofikiri, maana mwisho wa mwezi tuliona zilikuwa tano tu, wakati sisi kichwani tulijiona kila siku hatuna.

Daftari hilo hilo likatuonyesha kitu kingine, makato ya kutoa hela kwa wakala. Tulikuwa tunatoa 10,000, kesho 5,000, keshokutwa 10,000, kila mara makato. Sasa tunatoa mara moja kwa wiki, na wa kulipwa kwa simu tunamlipa kwa simu. Bando nalo, watu wawili mnalala chumba kimoja kila mmoja na bando lake la siku, tukanunua moja la mwezi tunagawana.

"Usiweke akiba mpaka deni liishe."

Kihesabu linaonekana sawa, kwamba hela iliyokaa haizai wakati deni linazaa. Maisha hayaendi hivyo. Mwezi wa pili wa kulipa mtoto wa kati alishikwa na malaria usiku, tukatumia 38,000 vipimo na dawa na boda. Ilitoka kwenye kibubu. Kama kibubu kisingekuwepo ningerudi kwenye simu usiku ule ule, na mama yeyote mwenye mtoto anayetetemeka atabonyeza kukubali bila kusoma masharti. Weka kidogo, hata 500, pembeni ya deni.

"Badili laini tu, watakusahau." Laini zimesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole, deni linafuata kitambulisho, na taarifa za wasiolipa zinafika kwenye kanzi za taarifa za mikopo ambako benki inaangalia siku unayotaka mkopo wa maana. Na upande wa pili, wale wanaokutisha kwamba "kesho unalala polisi", deni la kawaida ni kesi ya madai, sio jinai. Anayekudai aende mahakamani, na ukiitwa mahakamani nenda usipuuze, maana hukumu ikitoka mahakama inaweza kuamuru mali ikamatwe. Ila kutuma meseji za kukudhalilisha kwa watu wote kwenye simu yako hawana haki hiyo, kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022. Tunza hizo meseji, ni ushahidi.

Kuhusu michango wanasema huwezi kukataa, utatengwa. Ya msiba sikuikata, sitaikata. Ya harusi niliongea mapema, kabla kadi ya mchango haijafika, nikamwambia mama wa bibi harusi mwaka huu sina 50,000 ila nitashona sare za wasimamizi bure, lete kitambaa. Alifurahi kuliko angepewa hela. Aliyenuna ni mmoja tu katika watu wanne niliowaambia.

Na la mwisho, lile la kuficha. "Mume asijue, utampa presha." Ule mkopo wa Alhamisi niliuchukua kimya kimya na niliubeba wiki tano peke yangu, nikikata hela ya mboga kulipa rejesho huku baba watoto anashangaa kwanini chakula kimepungua. Aliambiwa na jirani siku kina dada wa marejesho walipokuja kukaa barazani kwetu. Alikasirika, sitasema uongo, usiku mzima hakuongea na mimi. Asubuhi akaniambia leta daftari, na yeye akaandika lake ambalo sikulijua, zile 85,000 za kwa Mangi nyingi zilikuwa sigara zake na soda za mafundi wenzake. Ameacha kuchukua kwa mkopo pale. Kwa wifi zimebaki 150,000, mwezi huu tumetuma 50,000 na yeye akaturudishia 10,000 akaandika "ya karanga za watoto".