Helikopta hazinyunyizi dawa ya virusi usiku

Mlipuko wa ugonjwa ukianza tu, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu: usiku wa leo helikopta za serikali zitanyunyiza dawa ya kuua virusi, anueni nguo, msitoke nje. Si kweli. Mwaka 2020 ujumbe huo ulizunguka nchi nyingi, maneno karibu yaleyale. Virusi vya njia ya hewa huenea hasa kwa pumzi ya mtu aliye karibu. Dawa ya kuua vijidudu kama klorini ikimwagwa kutoka angani haiwezi kuzuia hilo, tena huwasha macho na mapafu.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka: ndege hunyunyizia nzige na mbu kweli, na picha za malori yakipulizia barabara zilionekana. Lakini usome tena ujumbe wenyewe. “Leo” ipi? Hauna tarehe. Ukikufikia, usiusambaze, tafuta kwanza tangazo rasmi lenyewe.