Musapir sio msafiri jamani

Jana tena nimekuta mtu kamtaja Muhammad Amin Bughra, yule mwanachuoni wa Khotan (mji wa Wauyghur, Waislamu wa Turkistan Mashariki, ndo Xinjiang ya China leo), eti "msafiri wa Kiuyghur", kisa kalifasiri hivyo neno lao musapir, yani kama vile kakata tiketi ya kwenda na kurudi. Sijui ni mara ya ngapi hii.

Kwa kifupi musapir kwa Kiuyghur ni mtu anayeishi nchi ya watu na kurudi kwao hajui lini. Basi.

Neno lenyewe ndo linatuponza, maana ni lilelile la Kiarabu, musafir, lilipofika kwetu ile mu- ikajikalia kwenye m- yetu tukapata msafiri na wasafiri bila jasho, Wauyghur nao f huwageukia p (fikra kwao ni pikir) wakapata musapir. Baba mmoja, ila kila mtoto kalelewa kwake.

Kinachoniudhi zaidi hata waliosoma fiqhi wanateleza hapa. Sisi Mashafii wa pwani ukinuia kukaa mahali siku 4 kamili, ukitoa ya kufika na ya kuondoka, usafiri umekwisha, adhuhuri unaswali rakaa 4 kama wenyeji, sio 2 za msafiri. Kwa Hanafi, ambayo ndo madhehebu ya Wauyghur, ni siku 15. Sasa Bughra aliishia Kabul baada ya utawala wao wa Khotan kuangushwa 1934, akakaa miaka, kitabu chake cha historia ya Turkistan Mashariki kakimalizia hukohuko 1940, baadae akarudi, 1949 akatoka tena kwa njia ya milimani kupitia Ladakh, kaskazini mwa India, mwisho Uturuki, kafia Ankara 1965. Mtu huyo kifiqhi ni mkaazi kabisa, hapunguzi swala hata moja, na bado kwa lugha ya kwao ni musapir. Unaona msafiri lisivyoingia hapo?

Kuna wanaokimbilia "mhajiri". Afadhali kidogo, na Wauyghur wenyewe wanalo, muhajir, ila hijra ina ndani yake kuacha, kugura, inakwambia alichokiacha nyuma. Musapir inakwambia alivyo leo, huko aliko, asubuhi anapoamka kwenye nyumba isiyo yake.

Kwa hiyo ndugu yangu mfasiri, ukilikuta andika tu "aliye ugenini". Na kama ushaandika msafiri si kesi, hariri hilo neno moja, sentensi yako ilikuwa nzuri.