"Many" na "much": kutaja idadi na kiasi kwa Kiingereza

Kwa Kiswahili, kivumishi "-ingi" kinabeba mzigo wote: watu wengi, vitabu vingi, maji mengi, sukari nyingi. Kinachobadilika ni upatanisho wa ngeli tu. Kiingereza kina maneno mawili kwa kazi hiyo. "Many" huenda na nomino zinazohesabika, zikiwa katika wingi: many people, many books. "Much" huenda na zisizohesabika, nazo hubaki katika umoja: much water, much sugar.

Mgawanyo huo tunao hata sisi, ila umejificha kwenye uchache. Mayai ni machache, lakini chumvi ni kidogo. Hakuna aendaye dukani kuomba "chumvi chache". Kiingereza nacho husema few eggs, little salt. Kwa hiyo ukikwama, jiulize: kitu hiki kikipungua, ningesema "-chache" au "kidogo"? Mara nyingi jibu litakufikisha.

Si mara zote, na hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Sisi tunasema samani chache, vifaa vichache, mizigo michache, taarifa chache, nywele chache. Kwa Kiingereza, furniture, equipment, luggage na information hazihesabiki kamwe, na hair ya kichwani huchukuliwa hivyo hivyo. Ndiyo maana "furnitures", "equipments" na "informations" zimejaa hadi kwenye barua za ofisi, pamoja na "advices". Ukitaka kuzihesabu, tanguliza kipimo: two pieces of furniture, a piece of advice. Hata pesa, ambazo unaweza kuzipanga noti kwa noti mezani, hazihesabiki kwa jina la money. Zinazohesabika ni shilingi zenyewe: how much money, lakini how many shillings. Anayeamua ni sarufi, si macho.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni kiherufi "a". Mtu akikuambia "I have little time", anakuaga: muda wake hautoshi. Akisema "I have a little time", anakukaribisha, muda upo ingawa si mwingi. "Few" na "a few" ni vivyo hivyo. Fikiria mwombaji kazi anayeandika "I have few skills in accounting". Alikusudia kusema ana ujuzi kiasi katika uhasibu. Msomaji ataelewa kwamba hana ujuzi wa maana. Herufi moja imemwangusha, na inasikitisha kwa sababu ingerekebishwa kwa sekunde moja.

"A lot of" haina ubaguzi, hukaa na zote mbili. Tena katika sentensi ya kawaida ya kukubali ndiyo inayosikika vizuri: "I drank a lot of water". "Much" peke yake hupendelea swali na kanusho: "I don't have much money".

Katika kulinganisha, kanuni ya vitabuni ni fewer mistakes, less sugar. Lakini umbali, miaka na kiasi cha fedha, japo vina tarakimu, huonwa kama kipimo kimoja kizima, hivyo husemwa less than 10 kilometres, less than 5 years.

Yapo pia maneno yanayobadili maana yakibadili kundi: much time ni muda mwingi, many times ni mara nyingi. Too much chicken ni nyama ya kuku iliyozidi sahanini. Too many chickens ni kuku waliojaa bandani.