Viwavijeshi Vamizi Hawazoei Dawa

Msimu huu malalamiko ni yale yale: mkulima kapuliza mara tatu, mahindi bado yanaliwa. Tunawaelewa, pembejeo ni ghali. Lakini usemi kwamba "wadudu wamezoea dawa" tuuache, kwani ndio unaomfanya mtu azidishe kipimo.

Kiwavi hazoei chochote. Mdudu huyu aliripotiwa Afrika mwaka 2016, na baadhi yao wamekutwa na kinasaba kiitwacho ace-1 kilichobadilika. Kinasaba hicho ndicho hutengeneza kimeng'enya cha neva kinacholengwa na viuatilifu vya kundi la oganofosfeti. Kimeng'enya kikibadilika umbo, sumu haikishiki vizuri. Ukipuliza, wasio na mabadiliko hayo hufa, na walionayo hubaki kupandana wao kwa wao. Huo ndio usugu. Nondo jike mmoja hutaga mayai zaidi ya 1,000, na kwenye joto kizazi kizima hukamilika kwa takriban siku 30. Piga hesabu hadi mahindi yabebe.

Sababu nyingine ya dawa kushindwa ni umri wa kiwavi: hujivua ngozi na kupitia hatua sita akikua. Fungua moyo wa mhindi, yaani majani machanga ya katikati, asubuhi. Yule mdogo wa milimita chache yuko wazi juu ya jani, dawa humpata. Mkubwa, mwenye alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne ya mraba karibu na mkia, amejificha ndani chini ya kinyesi kinachofanana na vumbi la mbao. Huyo hata ukiongeza kipimo maradufu humfikii.

Badilisha kundi la kiuatilifu, yaani namna sumu yake inavyoua, si jina la chupa. Tumelisema hili mara nyingi mno: chupa mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa na sumu ile ile. Soma kiambato na kundi kwenye lebo, au muulize afisa ugani. Kundi ulilotumia siku 30 hizi usilirudie 30 zinazofuata.

Dawa ikishindwa, mpelekee afisa ugani wa kata chupa yenye lebo yake, risiti, tarehe ya kupuliza na kipimo ulichoweka kwenye bomba. Bila lebo na risiti hatuna pa kuanzia, na kuuza kiuatilifu kisichosajiliwa ni kosa kisheria, hivyo usimfichie muuzaji. Ongeza viwavi hai, kila mmoja kwenye kichupa chake chenye matundu na kipande cha jani, maana hulana. Visikae juani, wakifa njiani, upimaji wa usugu haufanyiki.