Kaichukua kwa babu yake? Jeni na ubongo wa kijana anayesahihishwa

Siku ya kurudisha karatasi za mtihani wa nusu muhula niliwatazama ndugu wawili wa tumbo moja, wote wamepata alama 38. Mmoja alikuja mbele na karatasi yake kuuliza swali la saba lilitakiwa kujibiwaje. Mwenzake alilaza kichwa mezani hadi kengele ikalia. Nyumbani maelezo yalikuwa tayari: huyu wa pili tabia hiyo kaichukua kwa babu yake. Kauli za namna hiyo nazisikia kila muhula, na zinawaumiza watoto kuliko wasemaji wanavyodhani.

"Ni damu. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Urithi upo, tusiukatae. Mtu akigundua amekosea, ubongo wake hutoa wimbi dogo la umeme ambalo vifaa vinavyobandikwa kichwani hulinasa. Akiambiwa na mwingine kwamba amekosa, wimbi jingine hujitokeza baada ya kama robo sekunde. Mwaka 2008 Andrey Anokhin na wenzake huko St. Louis, Marekani, walilinganisha mawimbi ya kukosea kwa vijana mapacha. Ya mapacha wanaofanana yalikaribiana zaidi kuliko ya mapacha wasiofanana, na karibu nusu ya tofauti kati ya mtu na mtu ilielezwa na jeni, yaani vinasaba tunavyorithi kwa wazazi.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Hiyo nusu ni ya tofauti zilizomo ndani ya kundi zima. Haisemi kwamba nusu ya hasira za mwanao zimetoka kwa babu na nusu kwako. Wala si namba iliyochongwa kwenye jiwe. Chukua shule ambayo kila mwanafunzi anasahihishwa kwa namna ileile, kwa maneno yaleyale: mazingira yakilingana, sehemu kubwa zaidi ya tofauti zinazobaki itatokana na jeni. Asilimia ya urithi itapanda, na hakuna jeni hata moja iliyobadilika.

Kuna jambo jingine ambalo methali hiyo inalificha. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushirikiana wastani wa nusu tu ya zile jeni zinazotofautiana kati ya watu, kwa sababu kila mimba ni mchanganyiko mpya. Kwa hiyo jeni zinaweza kuwatenganisha ndugu sawasawa na zinavyoweza kuwafananisha. Wale wawili wangu wanaweza kutofautiana kwa urithi kabisa, bila babu yeyote kulaumiwa.

"Kuna jeni ya kutojifunza kutokana na makosa."

Dhana hii ina chanzo chake. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Tilmann Klein waliandika kwamba watu wenye aina fulani ya kinasaba, inayohusishwa na upungufu wa vipokezi vya dopamini, walijifunza vibaya zaidi pale walipoambiwa wamekosa. Dopamini ni kemikali inayoujulisha ubongo kama matokeo yamekuwa mazuri au mabaya kuliko ulivyotarajia, kwa hiyo wazo lenyewe lilikuwa na mantiki. Lakini waliopimwa walikuwa wanaume 26 tu, watu wazima.

Tangu hapo tumejifunza kuziogopa hadithi za jeni moja. Mwaka 2019 jeni 18 zilizosifika kwa miaka mingi kuwa chanzo cha sonona zilipimwa upya kwa takwimu za mamia ya maelfu ya watu. Hazikufanya vizuri kuliko jeni zilizookotwa bila mpango. Sonona si sawa na kupokea masahihisho, lakini njia ya kutafuta ilikuwa ileile. Tabia hubebwa na maelfu ya tofauti ndogondogo, kila moja ikichangia punje.

"Basi nitampima jeni kwa mate nijue alivyo."

Usitupe pesa. Kila tofauti huchangia punje tu, na kwetu kuna sababu ya pili: hadi mwaka 2016 takriban asilimia 81 ya walioshiriki katika tafiti kubwa zinazopekua jeni zote za mtu walikuwa wenye asili ya Ulaya, ilhali Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba duniani. Mizani iliyotengenezwa kwa watu wengine haiwezi kumpima mtoto wa Tandahimba kwa uhakika.

"Ubongo wa kijana haujakomaa, ndiyo maana hasikii."

Hili ndilo linalonikera zaidi, maana humfanya mwalimu akate tamaa mapema. Umri una sauti yake, mbali na jeni. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba maeneo ya ubongo yanayosaidia kujirekebisha, kwa watoto wa miaka 8 na 9, huamka zaidi wakiambiwa wamepatia. Kwa watu wazima huamka zaidi wakiambiwa wamekosa. Wa miaka 11 hadi 13 walikuwa katikati, wanavuka.

Na kuvuka huko si udhaifu. Mwaka 2016 Juliet Davidow, Daphna Shohamy na Adriana Galván waliwapa vijana wa miaka 13 hadi 17 na watu wazima kazi ya kubahatisha kipepeo atatua kwenye ua gani, wakiambiwa kila mara kama wamepatia au wamekosa. Vijana waliwashinda watu wazima. Eneo la kumbukumbu na eneo linalopokea habari za mafanikio yalifanya kazi kwa pamoja zaidi ndani ya ubongo wao. Kijana anasikia, tena sana. Tatizo mara nyingi ni kwamba tunampa alama 38 bila kumwonyesha alipopotea.

Yule aliyelaza kichwa nilimwita kesho yake, baada ya uji wa saa nne. Tulipitia swali la nne mstari kwa mstari. Alikuwa amesahau alama ya kutoa kwenye mstari wa pili, na mengine yote chini yake yalikuwa sahihi.