Sweta la Shingo Ndefu Wakati wa Kipupwe: Linampendeza Nani?

Kila kipupwe kinapoingia hapa Tabora, kati ya Juni na Agosti, wateja wangu wa kike huniuliza swali lile lile: je, sweta la shingo ndefu linampendeza mwanamke, au linamfupisha shingo na kumnenepesha bure? Jibu langu kama fundi wa nguo za kike ni kwamba linawapendeza walio wengi, wembamba kwa wanene, na kwamba pale linapokosa kupendeza, kosa huwa katika kola, mara chache sana katika mwili wa aliyelivaa.

Kabla ya kulinunua, simama mbele ya kioo na uitazame nafasi iliyopo kati ya kidevu chako na mitulinga, kwa kuwa hiyo ndiyo shingo ambayo watu wanaiona. Masweta mengi ya mitumba yameshonwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya, na kola yake hukunjwa ikawa tabaka mbili nene, ambazo kwa mwenye shingo ndefu humpa haiba, lakini kwa mwenye shingo fupi huijaza nafasi yote hadi kichwa kikaonekana kimekaa moja kwa moja juu ya mabega. Huyo wa pili hana haja ya kulikimbia sweta la shingo ndefu. Atafute kola isiyokunjwa, ya sentimita 4 hadi 6, iliyofumwa kwa uzi mwembamba. Kipimo ninachowapa ni chepesi: ukitazama mbele, vidole viwili vilivyolazwa vipite kati ya kidevu na ukingo wa kola.

Sweta zuri lenye kola mbaya halitupwi. Mteja wangu mmoja, mama anayetoka nyumbani alfajiri kwenda kazini, alileta sweta la damu ya mzee alilolipenda sana lakini lililomfanya aonekane hana shingo. Niliifumua kola kwenye mshono, nikaikata ibaki kimo kinachomfaa, kisha nikairudisha kwa oveloki, mashine inayoshona na kufunga kingo kwa pamoja, huku nikiivuta kidogo, kwa sababu kola ya sweta inatakiwa iwe fupi kidogo kuliko mzunguko wa tundu inamoshonwa: ikilingana nalo hulegea na kupinda nje, na ikizidi kuwa fupi humkaba mvaaji. Sweta ni lile lile, uzi ni ule ule, lakini mama aliondoka amenyanyua kichwa, na mimi nilifurahi pamoja naye.

Kwa mwenye kifua kikubwa lipo jambo jingine la kuzingatia. Kitambaa cha rangi moja kinachotoka kooni hadi kiunoni bila kukatwa na chochote hukikuza kifua, hasa kikiwa kinene au kimefumwa kwa mafundo makubwa. Avae sweta jepesi, juu yake atupie koti au kizibao kilichoachwa wazi, ili mbele ibaki mistari miwili inayoshuka chini, au achomekee sweta ndani ya sketi ili kiuno kionekane. Mkufu mrefu nao husaidia. Sipendi hata kidogo michoro mikubwa iliyowekwa katikati ya kifua kwenye nguo ya aina hii, maana jicho la mtazamaji hukwama hapo badala ya kupanda usoni.

Hali ya hewa yetu pia ina neno lake. Alfajiri ya Julai joto la Tabora hushuka hadi nyuzi 15 hivi, upepo wa kusi ukivuma, na ifikapo saa nane mchana hupanda hadi karibu nyuzi 28, kwa hiyo sweta zito la sufu linalomfaa mtu wa London mwezi Januari litakuwa adhabu kwako kabla ya chakula cha mchana. Pamba iliyochanganywa na elastini kidogo, yaani uzi unaovutika, inatosha. Akriliki, uzi wa kiwandani unaofanana na sufu, ni ya bei rahisi na haichuji rangi upesi, lakini hainyonyi jasho. Sufu laini na nyembamba ni nzuri kuliko zote kwa wanaosafiri kwenda sehemu za baridi kama Njombe. Ile inayowasha shingoni huwa imetengenezwa kwa nyuzi nene, na hakuna sabuni itakayoibadilisha.

Kuhusu mitindo, wala msiwe na shaka. Nguo hii ilivaliwa na mabaharia na wavuvi wa Ulaya kabla ya kuingia mijini, mwigizaji wa filamu Audrey Hepburn akapendeza nayo nyeusi katika miaka ya 1950, na hadi leo wabunifu wanairudia. Kwetu inapendeza zaidi ikivaliwa ndani ya gauni la kitenge lisilo na mikono, na rangi yake ichaguliwe kutoka katika kitenge chenyewe: kama kina ua la haradali, basi sweta liwe la haradali. Wanaovaa mtandio wachague kola fupi na nyepesi, kwa kuwa kola ya kukunja chini ya mtandio hurundikana na kuufanya usitulie.

Wenye nywele za kusuka hulalamika kwamba kola hukwama kichwani na kulegea baada ya kuvaliwa mara chache. Kwao huwa naipasua kola kwa nyuma na kuweka zipu fupi ya plastiki, baada ya kubandika gamu laini, kile kitambaa chembamba kinachoshikishwa kwa pasi, pande zote mbili za mpasuko ili uzi usifumuke. Zipu hiyo haionekani nywele zikilala mgongoni, na nguo huvaliwa bila kuigusa poda ya usoni.