Je, upungufu wa homoni za thairoidi hurithiwa? Maswali na majibu

Mama yangu na dada yake wote wanatumia dawa za thairoidi. Je, nami lazima niugue?

Hapana, si lazima, ingawa uwezekano wako ni mkubwa kuliko wa mtu ambaye ukoo wake hauna ugonjwa huu. Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, hutengeneza homoni zinazoongoza kasi ambayo mwili hutumia nishati. Zikipungua, mtu huchoka, huhisi baridi, huongezeka uzito na hupata choo kigumu. Kinachorithiwa si ugonjwa wenyewe bali wepesi wa kuupata. Watafiti wa Denmark waliochunguza mapacha waliona kwamba, pale pacha mmoja wa yai moja alipokuwa na upungufu unaosababishwa na kinga ya mwili, mwenzake naye alikuwa nao katika takriban asilimia 55 ya jozi, ilhali kwa mapacha wa mayai mawili haikupatikana hata jozi moja ya namna hiyo. Nguvu ya jeni ni dhahiri hapo, lakini usiwasahau wale wengine, waliokuwa na jeni zilezile za pacha wao na hawakuugua.

Ni jeni gani zinazohusika?

Ni nyingi, na kila moja huchangia kidogo. Katika ugonjwa wa Hashimoto, ulioelezwa mwaka 1912 na daktari Mjapani Hakaru Hashimoto, kinga ya mwili huishambulia tezi. Tofauti katika jeni za HLA, CTLA4 na PTPN22, ambazo husaidia kinga kutambua kilicho cha mwili na kilicho kigeni, huongeza hatari hiyo. Baadhi yake huchangia pia kisukari cha aina ya kwanza, kwa hiyo ukimweleza daktari historia ya ukoo, usiache kutaja ugonjwa huo.

Kwetu nyanda za juu wengi walikuwa na rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo shingoni. Hiyo pia ni damu ya ukoo?

Mara nyingi sivyo. Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania udongo una upungufu wa madini joto (ayodini), ambayo tezi huyahitaji kutengeneza homoni zake, na familia inayokula mazao ya shamba moja huonekana kana kwamba imerithishana ugonjwa, kumbe imeshiriki chakula. Chumvi yenye madini joto huzuia hali hiyo. Hata hivyo, usijiongezee vidonge vya madini hayo bila ushauri, kwa kuwa yakizidi nayo yanaweza kuvuruga tezi.

Je, nipime jeni?

Hakuna haja. Kipimo cha damu cha TSH, homoni inayoichochea tezi kufanya kazi, hueleza jinsi tezi yako inavyofanya kazi sasa, jambo ambalo jeni haziwezi kukuambia. Ukiwa mwanamke unayetarajia kushika mimba, nakusihi umweleze mhudumu historia hiyo mapema, kwa sababu katika miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto hutegemea homoni za mama, na upungufu ukigundulika hutibiwa kwa vidonge vya levothairoksini, ambavyo ni salama wakati wa ujauzito.